Shangazi, shule ipi niiweke ya kwanza?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Bronx hapa New York na mume wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, mara nyingi zamu ya usiku. Mume wangu ni dereva. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, yuko darasa la nane na mwakani anatakiwa kuingia sekondari. Hapo ndipo nilipokwama.

Nyumbani mambo ya kuchaguliwa nilikuwa nayaelewa. Mtoto anamaliza darasa la saba, matokeo yanatoka, TAMISEMI wanatangaza majina, mnatafuta jina la mtoto wenu kwenye orodha. Akikosa, mnasubiri chaguo la pili. Alama ndizo zinazosema. Huku tumeambiwa tuingie kwenye mfumo wa jiji unaoitwa MySchools, tupange wenyewe hadi programu 12, yaani michepuo ya masomo, za shule mbalimbali, ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu tusubiri kompyuta itupe moja.

Kijana wangu ana shule moja anayoitaka kwa moyo wote. Ni ya hapa hapa Bronx, ina maabara ya roboti, aliwahi kupelekwa na mwalimu wake akarudi hazungumzi kingine. Lakini inaombwa na watoto wengi mno. Wastani wake wa darasa la saba ni 88. Sasa kuna jirani yetu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, watoto wake walisoma Boston miaka mingi iliyopita. Ameniapia kwamba nikiweka shule ngumu ya kwanza na tukaikosa, tutakuwa tumekosa na ya pili na ya tatu, mtoto atatupwa shule isiyotakiwa na mtu. Ananiambia niweke kwanza ile ya jirani ambayo ni ya uhakika. Kijana aliposikia hivyo alilia, na si mtoto wa kulialia.

Kuna na habari ya namba. Kila mtoto amepewa namba ya bahati nasibu, mstari mrefu wa tarakimu na herufi. Ya mwanangu inaanza na a7. Ya rafiki yake wanayesoma darasa moja inaanza na 1c. Watoto wanaambiana shuleni kwamba a7 ni mbaya. Mwanangu ananiuliza, mama, nimefanya kosa gani? Sina la kumjibu.

Mume wangu naye ana msimamo wake. Anasema shule ni zile nane za mtihani tu, Stuyvesant na wenzake, na kwamba anayestahili atachaguliwa, kama ilivyokuwa kwetu kwa shule za vipaji maalumu, Ilboru na Mzumbe. Kijana mtihani ameshafanya, majibu bado. Baba yake anasema akikosa basi hakusoma vya kutosha. Na ndugu mmoja wa msikitini ametushauri tutumie anwani ya binamu yetu aliyeko Manhattan, kwamba kule ndiko kwenye shule nzuri.

Nilikwenda kuonana na kaunsela wa shule. Alinisikiliza kama dakika kumi, Kiingereza cha haraka, mwanangu ndiye akawa ananitafsiria. Nilitoka sijaelewa, na nadhani mwanangu mengine aliyaruka kwa kuona haya. Tena nina hofu ya kujaza majina yetu kila mahali, maana mambo yetu ya karatasi hayajakamilika.

Shangazi, naomba uniambie kwa lugha ninayoielewa: nani anaamua? Na niweke ipi ya kwanza?

Mama wa darasa la nane, Bronx

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu la swali la mwisho, kwa sababu maombi hufungwa mwanzoni mwa Desemba na hutaki kusoma barua ndefu ndipo ulipate. Weka ya kwanza ile shule ya roboti. Ya pili weka ile ambayo kijana angeitaka kama ya kwanza isingekuwepo duniani. Ya tatu vivyo hivyo, mpaka mwisho. Shule ya jirani iweke mahali inapostahili katika mapenzi yenu, hata kama ni ya kumi na mbili. Kuiweka chini hakuipunguzii mtoto nafasi ya kuipata.

Najua hilo ni gumu kuliamini baada ya maneno ya jirani yako, kwa hiyo nikueleze kompyuta inavyofanya.

Inachukua orodha ya kila mtoto na kumpeleka kwanza kwenye shule aliyoiweka juu. Shule yenye viti 100 ikipata waombaji 300, inawapanga kwa vigezo vyake na kuwashika 100 walio mbele. Zingatia neno hilo, inawashika tu, haijawapa. Waliobaki 200 wanapelekwa kila mmoja kwenye shule yake ya pili. Huko wanakuta kuna watoto wameshashikwa. Sasa shule hiyo inawapanga upya wote pamoja, wa zamani na wageni, bila kuuliza nani aliiweka ya kwanza na nani aliiweka ya sita. Mgeni akiwa mbele kwa vigezo, anaingia, na aliyekuwa ameshikwa mwishoni anatolewa na kwenda kwenye chaguo lake linalofuata. Mzunguko huo unarudiwa mpaka hakuna tena wa kuhamishwa. Hapo ndipo kila kiti kinakuwa cha mwenyewe.

Kwa hiyo mwanao akikosa shule ya roboti, anafika kwenye shule ya pili akiwa na haki ile ile ambayo angekuwa nayo kama angeiweka ya kwanza. Hapotezi chochote kwa kujaribu. Lakini ukifuata ushauri wa jirani, ukaweka ile ya uhakika juu, kompyuta itamshika pale na hatapelekwa kwingine kamwe, hata kama shule ya roboti ingemchukua. Kwa mikono yako mwenyewe utakuwa umemfungia mlango ambao ulikuwa wazi.

Hata hivyo usimwone jirani yako mwongo. Alichokuambia kilikuwa kweli, Boston, wakati watoto wake wakisoma. Mpaka mwaka 2005 Boston walikuwa wanagawa viti kwa njia nyingine kabisa. Kwanza waliangalia machaguo ya kwanza peke yake na kugawa viti moja kwa moja, vikawa vimekwisha tolewa. Kisha ndipo wakaangalia machaguo ya pili kwa viti vilivyosalia. Ni kama stendi ya daladala jioni: ukikimbilia gari moja ukakosa, ukigeuka kwenye la pili unakuta watu wamesharusha mabegi dirishani. Mtoto mwenye kipaumbele kikubwa kwenye shule yake ya pili aliweza kuikosa kabisa, kwa kuwa tu wengine waliiweka ya kwanza. Wazazi waliojua siri hiyo walipanga kwa hesabu, wengine hata walikutana kupeana mbinu. Wazazi wa zamu za usiku, wasio na muda wa vikao, waliandika walichokipenda kwa ukweli wao wote na watoto wao wakaumia. Hilo ndilo lililowafanya Boston wauache mfumo ule.

New York nayo ilikuwa na ubaya wake. Kabla ya mwaka 2003 mtoto aliandika shule tano, na mkuu wa shule aliweza kuona amewekwa namba ngapi. Zipo shule zilizowapendelea watoto walioziweka za kwanza, na wakuu waliokuwa wakificha viti ili wavitoe baadaye kwa wanaowataka. Watoto wachache walipata barua za shule kadhaa kwa pamoja wakakaa nazo wakichagua, huku takriban 30,000 kwa mwaka wakipelekwa shule ambazo hawakuziandika popote. Jiji likawaita wanauchumi watatu, Alvin Roth, Atila Abdulkadiroğlu na Parag Pathak, wakajenga mfumo huu unaoutumia leo kwa kufuata wazo lililoandikwa na David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962. Mwaka wa kwanza tu wa mfumo mpya, wale waliopelekwa wasikotaka walishuka kutoka 30,000 hadi kama 3,000. Roth na Shapley walikuja kupewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2012. Na tangu 2003 shule haioni umeiweka ya ngapi. Jirani yako mweleze hivyo kwa adabu, mwambie mji ni mwingine na kanuni ni nyingine.

Hapa naomba niongee kidogo na wasomaji wengine, kwa sababu barua kama hii huletwa pia na ndugu walioko Louisville, Columbus, Minneapolis na kwingineko. Msichukue jibu hili la New York mkalibeba zima zima. Marekani hakuna wizara moja inayopanga watoto wote. Kila wilaya ya shule ina utaratibu wake, na ipo inayofuata bado ile njia ya kale ya Boston kwa jina jingine. Nendeni ofisi ya wilaya mkaulize swali moja: mtoto wangu akikosa chaguo la kwanza, kwenye chaguo la pili atapangwa sawa na walioliweka la kwanza, au baada yao? Wakisema sawa, pangeni kwa mapenzi. Wakisema baada yao, hapo chaguo la kwanza lazima lipimwe kwa kichwa kilichotulia. Walioko Uingereza wana unafuu, kwa sababu kanuni za udahili za mwaka 2007 zilipiga marufuku shule kumpendelea mtoto kwa kuwa tu ameiweka ya kwanza.

Turudi kwa kijana na namba yake.

Mwambie leo, kabla hajalala, kwamba hakufanya kosa lolote. Namba ile haikutoka kwenye alama wala tabia wala jina lake. Ni kura iliyopigwa na mashine. Ina nafasi 32, na kila nafasi inaweza kuwa tarakimu kuanzia 0 hadi 9 au herufi kuanzia a hadi f. Tarakimu hutangulia herufi, na ndogo ndiyo iliyo mbele. Ukiangalia nafasi mbili za mwanzo tu, kuna michanganyiko 256, kutoka 00 hadi ff. Herufi a huhesabiwa kama 10, kwa hiyo a7 ni 10 mara 16, jumlisha 7, ni 167. Gawanya kwa 256 na utapata kama asilimia 65. Maana yake, kati ya watoto 100, kama 65 wako mbele yake kwenye kura na 35 nyuma yake. Rafiki yake wa 1c ana 28 chini ya 256, yaani watoto kama 11 tu katika kila 100 ndio wanaomtangulia. Rafiki kapata kura nzuri. Wako kapata ya nyuma ya katikati. Si namba ya maangamizi kama watoto wanavyotishana.

Namba hiyo hiyo moja hutumika kwa programu zote atakazoomba, ila uzito wake si sawa kila mahali. Kuna programu za wazi, zisizoangalia alama, na humo kura ndiyo inayoamua baada ya vipaumbele, kama kile cha wakazi wa Bronx. Kuna programu za mchanganyiko, zinazotakiwa kuchukua watoto wa alama za juu, za kati na za chini kwa makusudi, kwa hiyo mwanao hushindana na wenzake wa kundi lake tu, kisha kura. Na kuna programu za mchujo, ambazo huchukua alama za mwisho za darasa la saba katika Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, huwagawa watoto katika makundi kwa wastani wao, kisha ndani ya kila kundi ndiyo kura. Baadhi huongeza insha au kazi nyingine ya mtoto. Ukurasa wa kila programu kwenye MySchools unataja aina yake, unataja vipaumbele, na unaonyesha mwaka uliopita waliomba watoto wangapi kwa kila kiti kimoja. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka uishike. Programu yenye waombaji 15 kwa kiti na programu yenye waombaji 3 kwa kiti haziko katika hali moja kwa mwenye a7.

Sasa hapa watu wengi huchanganya. Kura mbaya isikufanye ubadilishe mpangilio. Inachopaswa kubadilisha ni zipi unazoziingiza kwenye orodha. Mtoto wa 1c anaweza kuwa jasiri kwenye zote 12. Wako aweke zile anazozitaka juu kama nilivyosema, halafu katika nafasi za katikati na za mwisho mtafute kwa bidii programu ambazo waombaji si wengi kwa kila kiti, ambazo yeye ana kipaumbele, na ambazo angeweza kwenda kwa moyo mweupe. Zipo programu za Bronx zinazotanguliza wakazi wa Bronx au watoto wanaosoma Bronx. Huo ni mtaji wenu, utumieni. Na jazeni nafasi zote. Mzazi anayeandika shule tatu tu kwa kudhani anaionyesha kompyuta msimamo, anamweka mtoto hatarini bure, kwa sababu zikishindikana zote tatu, jiji litampangia lenyewe.

Hilo la kipaumbele ndilo linalonifanya niikatae anwani ya binamu kwa nguvu zangu zote. Kwanza utakuwa unatupa faida yenu ya Bronx. Pili, ni udanganyifu, na ukigundulika kiti kinaweza kuondolewa. Tatu, wewe mwenye mambo ya karatasi yasiyokamilika ndiye wa mwisho kutakiwa kutia sahihi maneno ya uongo kwenye fomu ya serikali. Mwaka 2011 huko Akron, Ohio, mama mmoja, Kelley Williams-Bolar, alihukumiwa kwenda jela kwa kutumia anwani ya baba yake ili binti zake wawili wasome katika wilaya jirani iliyokuwa na shule bora. Alikaa ndani siku tisa. Baadaye gavana wa jimbo alimpunguzia makosa, lakini jela alikuwa ameshalala. Mimi simhukumu yule mama. Wilaya zile zilichorwa mpaka, upande mmoja watoto wakapata na mwingine wakakosa, na anayevuka mpaka kwa ajili ya mwanawe namwelewa vizuri. Ila wewe usivuke. Ndugu wa msikitini alikutakia mema, mshukuru na umwambie hapana.

Kuhusu karatasi, tulia. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kuomba sekondari hakuhitaji kibali cha mtu. Ukiulizwa uraia wenu na mtu yeyote wa shule, huna wajibu wa kujibu, na ni vizuri umwone wakili au shirika la kusaidia wahamiaji ujue mnasimama wapi.

Nimekasirika kusikia kwamba mtoto ndiye alitafsiri. Si kosa lako wala lake. Jiji lina kanuni yake, A-663, inayozitaka shule zimpe mzazi mkalimani bure, na chini yake kuna Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Rudi kwa kaunsela kabla ya Desemba. Waambie mapema, kwa simu au kwa maandishi, sentensi hii tu: nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Huduma ya ukalimani kwa simu ipo na lugha yetu haiwashindi. Mkishaunganishwa, fungua MySchools kwenye simu yako mbele ya kaunsela, mpitie programu moja moja. Muulize kwa kila moja: mwanangu yuko kundi gani hapa, ana kipaumbele gani, na mwaka jana watoto wa alama kama zake waliingia? Watoto darasa la nane ni wengi na kaunsela ni mmoja, hivyo anayerudi na maswali yaliyoandikwa ndiye anayepata majibu. Kijana akae nje wakati huo, au akae kama mtoto, si kama karani wenu.

Nimelifikiria sana neno la mume wako, na ningependa alisome hili yeye mwenyewe.

Baba, zile shule nane ni kweli huchukua kwa mtihani mmoja tu, basi. Kwa tatu za kale, Stuyvesant, Bronx Science na Brooklyn Tech, hilo limewekwa na sheria ya jimbo tangu mwaka 1971, meya hawezi kuligusa peke yake. Kwa hiyo kwa nje zinafanana na shule za vipaji maalumu za kwetu. Lakini tazama nani anaingia. Machi 2019 Stuyvesant ilitoa nafasi 895, na watoto weusi waliopewa walikuwa 7. Saba, katika jiji lenye watoto weusi mamia kwa maelfu madarasani. Je, waliobaki wote hawakusoma? Zipo familia zinazoanza masomo ya ziada ya mtihani ule mtoto akiwa bado darasa la tano, na zipo shule za kati ambazo watoto wake wengi hawasikii habari za mtihani huo mpaka muda wa kujiandikisha umekaribia kwisha. Ukimwambia kijana wako kwamba akikosa hakustahili, utakuwa umemtwisha mzigo ambao jiji zima limeshindwa kuubeba. Majibu yakija na amepita, mshangilie. Akikosa kwa alama chache, ulizeni kuhusu Discovery, ni mpango wa kiangazi wa kuwapa nafasi ya pili watoto wa familia za kipato kidogo waliokosa kwa tofauti ndogo. Akikosa kabisa, shule ya roboti ipo, na Bronx ina programu nyingine ambazo hazijulikani majina huko Tanga lakini watoto wake wanafika vyuo vikuu.

Umeniuliza nani anaamua. Nimekueleza kompyuta inavyogawa, na kwa sehemu hiyo nawapa heshima yao waliouunda mfumo: haumwadhibu mtu mkweli, na si haba. Lakini kompyuta haikuamua shule ya roboti iwe na viti 100 badala ya 400. Haikuamua kwamba wastani wa darasa la saba utumike kumpanga mtoto, kana kwamba 88 ya shule yenye walimu wa kutosha na 88 ya shule inayobadilisha mwalimu wa hisabati kila baada ya miezi michache ni kitu kimoja. Hayo yameamuliwa na watu: idara ya elimu, meya, wabunge wa jimbo la New York, na wazazi wanaohudhuria vikao vya mabaraza ya elimu ya wilaya na kupaza sauti. Mimi binafsi napenda kura iwe na uzito zaidi na alama za utotoni ziwe na uzito mdogo, kwa sababu mtoto wa miaka 12 bado hajaonyesha yeye ni nani. Wapo wazazi, tena wa kwetu, wanaonipinga vikali, wanasema jasho la mtoto lazima lilipwe. Naielewa hoja yao. Nikiwauliza tu viti vya kutosha viko wapi, wote tunakubaliana.

Majibu hutoka Machi. Ikiwa atapewa chaguo la nne, kwa mfano, atawekwa moja kwa moja kwenye orodha za kusubiri za yale matatu aliyoyaweka juu yake, na mnaweza kuongeza nyingine. Kukubali kiti alichopewa hakumwondoi kwenye foleni hizo. Kwa hiyo kikubalini mara moja, halafu mwangalie nafasi yake kwenye foleni inavyosogea. Inasogea kwelikweli, kwa kuwa kuna familia zinazohama na nyingine zinazokwenda shule za binafsi. Simu ya shule inaweza kuja wakati umelala baada ya zamu na kiti hakisubiri siku nyingi, kwa hiyo hakikisha namba ya mume wako nayo imeandikwa kwenye MySchools, na barua pepe mnayoisoma kweli.

Wiki hii fanyeni mawili. Andika kwa kaunsela uombe mkalimani. Na Jumamosi keti na kijana, yeye akiwa na simu mkononi, mpange zote 12 pamoja na baba yake akiwepo, kuanzia ile ya roboti.

Shangazi yako